UZI: Hudson's Bay, kampuni iliyopewa theluthi ya Kanada na mfalme mwaka 1670, ikafa 2025 ikiwa mpangaji

Babu Kumbukumbu:

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 1 Juni 2025 maduka ya Hudson's Bay yalifungwa Kanada nzima, na wengi wakaipokea kama habari ya duka jingine lililozidiwa na manunuzi ya mtandaoni. Mimi nabisha. Hudson's Bay kwa asili yake ilikuwa kampuni ya ardhi. Biashara ilizibadilisha kadiri zama zilivyobadilika: ngozi, mashamba, mafuta, maduka. Ila kila ilipobanwa kooni iliuza kipande cha ardhi, ikapumua. Siku ilipokosa cha kuuza, ikazikwa. Umri wake ulikuwa miaka 355.

Nitashusha kwa vipande. Mwenye haraka aniwie radhi, hii stori haina njia ya mkato.

Tuanze na mnyama. Biva ni jamii ya panya, ila mkubwa wa kufikia kilo 20 na ushei, anaishi majini, anaangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa. Chini ya manyoya yake marefu kuna manyoya mengine mafupi, laini, yenye vijimeno vidogo sana vinavyoshikana. Ukiyachemsha na kuyagandamiza unapata kitambaa kigumu kisichopitisha maji wala kupoteza umbo. Hicho ndicho kilichotengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili. Biva wa Ulaya waliwindwa hadi wakakaribia kwisha, macho yakahamia Amerika Kaskazini.

Sasa hapa kuna kituko. Ngozi iliyogombewa kuliko zote haikuwa mpya. Ilikuwa iliyokwisha kuvaliwa! Wenyeji walishona makoti ya ngozi za biva, manyoya yakiwa ndani, wakayavaa mwilini msimu mzima wa baridi au zaidi. Jasho na msuguano vikaondoa yale manyoya marefu yasiyotakiwa, yakabaki yale laini tu, yameshalainika kwa mafuta ya mwili. Mzungu akanunua koti kuukuu kwa bei ya juu, na mwenyeji akamshangaa mtu anayetoa chungu cha shaba kwa nguo iliyochakaa. Kila upande ulijiona umempata mjinga wake.

Waliozaa wazo la kampuni ni Wafaransa wawili, mtu na shemejiye: Médard Chouart des Groseilliers na Pierre-Esprit Radisson. Mwaka 1660 walirudi Quebec na shehena kubwa ya ngozi kutoka bara, wakidhani watapokewa kwa vigelegele. Walipigwa faini na mali ikachukuliwa, kisa walisafiri bila kibali cha gavana. Wakahamisha siri yao kwa Waingereza: kwamba ngozi bora ziko kaskazini, na njia nyepesi ya kuzifikia ni meli kupitia Ghuba ya Hudson, siyo mitumbwi kutoka Montreal.

Mwaka 1668 zikaondoka meli mbili London. Eaglet, iliyombeba Radisson, ilipigwa na dhoruba ikageuza. Nonsuch ikafika kusini kabisa mwa ghuba, ikakaa huko majira yote ya baridi, na 1669 ikarudi London na ngozi. Mzigo ule haukuwa utajiri wa kutisha, ila ulithibitisha kuwa njia ipo.

Tarehe 2 Mei 1670 Mfalme Charles II akatia muhuri hati. Akampa binamu yake Prince Rupert na wenzake haki ya kufanya biashara peke yao, na si biashara tu: aliwapa umiliki wa nchi yote ambayo mito yake inamwaga maji Ghuba ya Hudson. Kilomita za mraba kama milioni 3.9. Ukiichukua Tanzania mara nne, bado kuna chenji. Hakuna aliyejua mipaka yake wakati ule, maana hakuna Mzungu aliyekuwa ameizunguka. Wenyeji waliokuwa wakiishi humo, Wacree, Wadene, Wainuit na wengine, hakuna aliyewauliza.

Kodi ya nchi hiyo yote? Mfalme au mrithi wake akikanyaga huko, apewe kulungu wawili wakubwa aina ya elk na biva weusi wawili. Basi.

Nakunywa chai, narudi.

Kipanga Mweusi:

Naweka kiti mbele kabisa. Mzee hiyo ya koti la jasho imenimaliza 😂

Mwana wa Makadara:

Babu shikamoo. Hati kama hiyo sisi tuliijua. Imperial British East Africa Company ya Sir William Mackinnon ilipewa yake na Malkia Victoria mwaka 1888, makao Mombasa. Wakachapa hadi sarafu zao, zipo pesa za shaba zenye picha ya mizani na mwaka 1888. Wakajaribu kuibeba na Uganda kwa pesa za wanahisa, mfuko ukatoboka, 1895 serikali ikachukua. Miaka saba tu. Swali langu: hawa wa Kanada walidumuje karne tatu na nusu na wale wa Mombasa wakashindwa hata kumi?

Babu Kumbukumbu:

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake ni sehemu ya hoja yangu.

Mackinnon alitakiwa kutawala: kupeleka askari, kutafuta njia ya Uganda, kuzuia Wajerumani, na biashara yenyewe ya kulipia hayo yote haikuwepo. Hudson's Bay kwa miaka mia ya mwanzo haikutawala chochote. Ilijenga ngome chache pwani, York Factory, Moose Factory, Fort Albany, ikakaa ndani inasubiri. Wapinzani walisema kampuni imelala kando ya bahari iliyoganda, na kweli ililala. Lakini gharama zilikuwa ndogo. Meli zilikuja mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, zinashusha na kupakia kabla barafu haijafunga njia. Wafanyakazi waliokotwa sana visiwa vya Orkney kaskazini ya Uskoti, vijana waliozoea baridi na mshahara mdogo.

Kazi yote ngumu ilifanywa na wenyeji. Wacree walikuwa madalali: wanakusanya ngozi kwa makabila ya ndani, wanashuka nazo kwa mitumbwi hadi ngomeni, wanarudi na bunduki, vyungu, visu, nguo na tumbaku na kuviuza tena kwa faida huko ndani. Msidhani walikuwa wanyonge kwenye mizani. Bunduki ikiwa mbovu waliirudisha. Wafaransa wakitoa bei nzuri zaidi, walipeleka ngozi kwa Wafaransa.

Hapakuwa na fedha. Kipimo kilikuwa ngozi moja ya biva aliyekomaa, iliyo safi. Kila kitu kilihesabiwa kwa hiyo: bunduki ni biva kumi na kitu, ngozi ya mnyama mwingine ni nusu biva au robo biva. Karne ya 19 wakatoa hadi vipande vya shaba vya kuwakilisha biva, kama zile pesa za Mombasa anazozisema mwenzetu. Na wawindaji wengi walichukua vitu mali kauli wakati wa kipupwe, wakalipa kwa ngozi majira ya kuchipua. Deni ndilo lililomfunga mwindaji kwenye ngome ileile mwaka hadi mwaka, hapakuhitajika askari wa kumlazimisha.

Jina moja lazima nilitaje hapa: Thanadelthur. Mwanamke wa Kidene, alitekwa na Wacree, akatoroka, akafika York Factory karibu kufa kwa njaa na baridi. Kampuni ilitaka ngozi za Wadene, lakini Wadene na Wacree walikuwa wanauana. Mwaka 1715 akaongoza msafara, akaenda mwenyewe kuwatafuta ndugu zake, akawaleta, na inasemekana alihutubia hadi sauti ikamkauka. Amani ikapatikana. Akafariki 1717 kwa maradhi, bado binti mdogo. Wanahisa wa London wakapata gawio.

Dada wa Mississauga:

Kaka asante, niko hapahapa Ontario miaka mingi na sikuwahi kusikia habari za huyo dada. Tulichokijua sisi ni lile blanketi jeupe lenye mistari ya kijani, nyekundu, njano na buluu iliyokoza. Ukienda nyumba ya Mkanada mwenye asili ya hapa utalikuta. Hebu gusia na hilo.

Babu Kumbukumbu:

Dada yangu, blanketi linatoka hukohuko kwenye ngozi. Lilianza kuagizwa kwa wingi karibu mwaka 1780 kutoka Witney, Uingereza. Zile alama fupi nyeusi zilizofumwa pembeni zinaonyesha ukubwa, mteja asilikunjue kila mara. Sufi nzuri, hata ikilowa inaendelea kutunza joto, na wenyeji walishonea makoti. Ila kuna familia za wenyeji ambazo hilo blanketi hawalitaki machoni, kwa sababu linawakumbusha ndui. Ugonjwa ule wa 1780 hadi 1782 ulifagia vijiji vizima vya waliokuwa wateja wa kampuni. Ulisambaa kwa njia za biashara, mtu kwa mtu.

Tuendelee. Usingizi wa pwani uliwatoka kwa sababu ya ushindani. Wafaransa walishaichukua York Factory mwaka 1697, ikarudishwa kwa mkataba wa Utrecht 1713. Lakini tishio kubwa lilitoka Montreal: wafanyabiashara ambao 1779 waliunda North West Company, Waskoti wenye mitaji na wapiga kasia Wafaransa. Hawa hawakusubiri mtu aje pwani, waliwafuata wenyeji mlangoni. Hudson's Bay ikalazimika kuingia bara, ikajenga kituo cha Cumberland House 1774, hata kabla wapinzani hawajaungana rasmi. Ikawa kila mto una ngome mbili zinazotazamana, pombe inamwagwa kama maji ili kumvuta mwindaji, na mwaka 1816 pale Seven Oaks, karibu na Winnipeg ya leo, watu zaidi ya ishirini wakauawa.

Serikali ya London ikachoka. Mwaka 1821 wakaunganishwa kwa shuruti, jina likabaki la Hudson's Bay.

Hapo akaingia George Simpson. Mfupi, mtoto wa nje ya ndoa kutoka Uskoti, walimwita Mfalme Mdogo. Alipunguza wafanyakazi zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Alisafiri kwa mtumbwi na mpiga zumari wake, wakikaribia ngome zumari linalia ili kila mtu ajue bwana kafika. Alizaa na wanawake kadhaa wa huko, na mwaka 1830 alioa binamu yake kutoka Uingereza akamwacha Margaret Taylor, aliyekuwa mke kwa desturi za nchi na mama wa watoto wake. Wakubwa wengine wa kampuni wakamuiga. Watoto wa ndoa zile za desturi, na hasa za Wafaransa, ndio waliokuja kuwa taifa la Métis. Wakumbukeni, watarudi.

Amri yake iliyonishtua kuliko zote ilihusu bonde la mto Snake, kusini ya mto Columbia, upande wa magharibi. Wamarekani walikuwa wanalinyemelea. Simpson akaagiza biva wote wa kule wamalizwe, jike kwa mtoto, ili Mmarekani akifika akute jangwa asiwe na sababu ya kusonga mbele. Kampuni hiyohiyo, sehemu ambazo haikuwa na mpinzani, ilikuwa inapanga mgao ili biva wazaliane. Uhifadhi wao uliishia pale mpinzani anapoanzia.

Chapwa24:

Kumbe mbinu za kumkomoa jirani ni za zamani hivi. Ila mzee mbona hujafika kwenye maduka? Uzi ulianza na maduka kufungwa.

Babu Kumbukumbu:

Punguza presha kijana, tunaingia.

Miaka ya 1830 na 1840 mabwana wa Ulaya wakahamia kofia za hariri. Biva akashuka thamani. Ngozi nyingine ziliendelea kuuzika, lakini wenye akili waliona utajiri sasa ni udongo wenyewe, ngano na reli. Mwaka 1863 kundi la wafadhili wa London, International Financial Society, likanunua hisa za kampuni kwa lengo hilohilo, ardhi. Ngozi hazikuwashughulisha.

Kanada ikaungana kuwa dola mwaka 1867 na Marekani ikanunua Alaska mwaka huohuo kwa dola milioni 7.2. Ikaonekana nchi ya Rupert, yaani ile iliyotajwa kwenye hati ya 1670, isipowahiwa, Mmarekani ataimeza. Kampuni ikakubali kuiachia. Malipo: pauni 300,000, ibaki na viwanja vinavyozunguka ngome zake, na sehemu moja ya ishirini ya ardhi yote yenye rutuba, yaani ekari kama milioni saba. Makabidhiano yakawa 15 Julai 1870.

Someni tena hiyo ya mwisho. Pauni zilikuwa pesa ya kuosha mikono tu. Ekari milioni saba ndiyo mirathi, waliziuza kidogokidogo kwa walowezi kwa miongo mingi.

Na wale Métis? Walisikia nchi yao imeuzwa na kampuni kwa serikali bila wao kuambiwa. Chini ya Louis Riel wakaiteka Fort Garry, ngome ya kampuni, wakaunda serikali ya muda. Matokeo yake ni mkoa wa Manitoba. Riel mwenyewe alikuja kunyongwa 1885 baada ya uasi wa pili. Katika zile pauni 300,000, wenyeji hawakupata hata senti nyekundu.

Sasa maduka. Mlowezi aliyenunua shamba alihitaji jembe, jiko, sukari, viatu, naye analipa taslimu, halipi kwa ngozi. Stoo za ngome zikageuka maduka, Winnipeg likafunguliwa duka la mjini 1881. Baadaye wakajenga majengo ya fahari katika miji ya magharibi: Calgary 1913, halafu Vancouver, Victoria, Edmonton. Lile la Winnipeg la 1926 lina ghorofa sita za mawe, lilichukua mtaa mzima. Zingatieni yalijengwa wapi: katikati ya mji, viwanja vyao wenyewe.

Mwana wa Makadara:

Hapo nimekuelewa. Wa Mombasa walipoondoka walilipwa pauni 250,000, na kubwa ya hizo, 200,000, ilitoka mfuko wa Sultani wa Zanzibar. Yaani Sultani alinunua upya pwani yake mwenyewe. Hawakubaki na ekari.

Babu Kumbukumbu:

Umemaliza kazi yangu hapo.

Karne ya 20 naikimbiza. Mwaka 1926 wakaingia kwenye mafuta na gesi, tena chini ya ardhi ambazo haki za madini walizibakiza walipouza mashamba. Hii ni akili kubwa, lazima niwape. 1960 wakanunua maduka ya Morgan's ya Montreal wakafika mashariki. 1970, baada ya miaka 300 ya kuongozwa kutoka London, makao yakahamia Kanada, na Malkia Elizabeth alipozuru akalipwa ile kodi kwa biva wawili wazima, wa kutembea. 1978 wakanunua maduka ya Zellers na ya Simpsons kwa mkupuo.

Mwaka 1979 Kenneth Thomson, tajiri wa magazeti, akaichukua. Riba zikapaa, deni likauma, wakaanza kuuza vyombo vya nyumbani: mafuta yakaenda, mnada wa ngozi ukaenda, na 1987 maduka 178 ya vijiji vya kaskazini yakauzwa kwa kundi la wawekezaji wakiwemo wafanyakazi wenyewe. Walmart ikaingia 1994, Zellers ikaanza kuchechemea.

Kisha wakaja Wamarekani. Jerry Zucker 2006, na alipofariki 2008 ikachukuliwa na NRDC, kampuni ya uwekezaji ya Richard Baker. Huyu fani yake ni majengo. Na kwa mtu wa majengo, ile kampuni ilikuwa rundo la viwanja vya katikati ya miji vilivyozibwa na nguo na sufuria.

Mwaka 2011 akaiuzia Target, kampuni ya maduka ya Marekani, pango za maduka ya Zellers kwa dola za Kanada bilioni 1.825. Target ikaanguka vibaya ikafunga virago 2015, ila Baker alishachukua chake. 2013 wakanunua Saks, maduka ya kifahari ya Marekani, kwa dola bilioni 2.9. Mwanzoni mwa 2014 wakauza jengo lao kuu la Queen Street, Toronto, kwa milioni 650, wakabaki humohumo kama wapangaji. 2015 wakanunua maduka ya Kaufhof ya Ujerumani, 2017 wakafungua maduka Uholanzi, 2019 ya Uholanzi yote yamefungwa.

Wenye nyumba wakawa wapangaji. Biashara ikiwa nzuri, hilo halionekani. Korona ilipofunga milango ya mijini, kodi ya pango haikufungwa.

Dada wa Mississauga:

Sisi wateja tuliona kabla ya magazeti. Miaka ya mwisho ngazi za umeme zinakaa zimekufa, lifti ina karatasi ya kuomba radhi, ghorofa nzima muuzaji mmoja. Viatu vya bei mbaya vimepangwa chini ya dari inayovuja. Wewe unajiuliza hivi hawa pesa wanapeleka wapi.

Mtetezi wa Mtaji:

Babu uzi mzuri lakini unamwonea Baker. Maduka makubwa ya aina hiyo yamekufa dunia nzima. Eaton's ilifilisika 1999, Sears Canada ikafungwa 2018. Hao nao waliuliwa na nani? Kuuza jengo na kupanga ni jambo la kawaida, unapata mtaji wa kuendeshea biashara.

Babu Kumbukumbu:

Nakubali kwamba duka la namna ile lilikuwa na mlima. Swali ni mtaji ulikwenda kuendesha nini. Desemba 2024 wakanunua Neiman Marcus, maduka mengine ya kifahari, kwa takriban dola bilioni 2.7 upande wa Marekani, na Hudson's Bay ya Kanada ikatengwa ijitegemee. Tarehe 7 Machi 2025, miezi mitatu tu, hiyo iliyotengwa ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Deni lilizidi dola bilioni moja. Kama mtaji ulipatikana, haukurekebisha ile lifti ya dada hapo juu.

Wafanyakazi walizidi 9,000. Wengi waliondoka bila kiinua mgongo, maana kwenye foleni ya wadai mwenye dhamana hulipwa kwanza.

Jina, nembo na ile mistari minne vilinunuliwa na Canadian Tire, kampuni nyingine ya maduka ya Kanada, kwa dola milioni 30. Hati ya Charles II ikatiwa bei nayo. Kukawa na wasiwasi itaangukia mikononi mwa mtu binafsi na kufungiwa. Mwishowe familia mbili za kitajiri, Weston na hao hao Thomson, wakaungana, wakatoa milioni 18 na kuikabidhi kwa makumbusho na nyaraka za umma. Bahati nzuri makabrasha mengine ya kampuni yalishakabidhiwa Manitoba mwaka 1994, yamo katika orodha ya kumbukumbu za dunia ya UNESCO.

Kipanga Mweusi:

Na yale majengo ya mawe? Lile la Winnipeg la ghorofa sita?

Babu Kumbukumbu:

Lilifungwa 2020. Gharama za ukarabati zikawa kubwa kuliko thamani, mtu wa majengo hakulitaka. Aprili 2022 likakabidhiwa kwa Southern Chiefs' Organization, umoja wa machifu wa wenyeji wa kusini mwa Manitoba, walifanye makazi na huduma. Siku ya makabidhiano, kwa kejeli iliyopangwa vizuri kabisa, machifu walimlipa Baker ngozi mbili za biva na mbili za elk.

Chapwa24:

😂😂 Wamemlipa kodi ya mfalme. Mzee swali la mwisho, kwa hiyo hakuna kilichobaki hai?

Babu Kumbukumbu:

Kipo. Yale maduka 178 ya kaskazini waliyoyatupa 1987 kwa kuona hayana hadhi. Walionunua walichukua jina North West Company, lile la mpinzani aliyemezwa 1821. Hadi leo wanauza unga, maziwa na petroli kwenye vijiji ambavyo vingi havifikiki kwa barabara, hisa zao zinauzwa soko la Toronto, na wateja wanalalamikia bei kila mwaka.